Ukumbi wa Kansanga na msimu wa homurani 37

Tangu Februari hadi Juni mwaka 2024, kila Jumamosi niliyokuwapo Kampala nililipa shilingi 3,000 kuingia katika ukumbi mmoja wa video ulioko Kansanga, kwenye kichochoro kinachoteremka kutoka barabara ya Ggaba, ili kutazama timu ya besiboli ya chuo kikuu kimoja cha Marekani. Mwenye ukumbi, ambaye wateja wote humwita Haji, aliipa huduma hiyo jina la Usiku wa Besiboli, akaahidi mambo matatu: mchezo mmoja kamili kila wiki, msimulizi wa Kiswahili, na timu ile ile kuanzia mwanzo wa msimu hadi mwisho wake. Ahadi ya pili ilitimizwa kupita nilivyotarajia. Ya tatu ilitimizwa karibu yote. Ya kwanza ndiyo iliyonikosanisha na Haji, na kwa kuwa anajiandaa kuirudia huduma hiyo msimu ujao, ni haki wanaofikiria kwenda waelezwe watakachokipata kwa fedha zao.

Kwa asiyeijua Kampala, kibanda cha video ni chumba kirefu chenye mabenchi, pazia zito mlangoni na skrini mwishoni, ambamo filamu za kigeni huonyeshwa huku mtu anayeitwa VJ akizitafsiri papo hapo kwa Kiluganda, akiongeza mizaha, akiwabatiza waigizaji majina ya mtaani, na wakati mwingine akiibadilisha hadithi yenyewe pale inapomchosha. Haji aliichukua desturi hiyo akaihamishia kwenye mchezo. Kuchagua Kiswahili badala ya Kiluganda kulikuwa hesabu ya biashara tu, kwa maana Kansanga na jirani yake Kabalagala zimejaa wanafunzi kutoka Kenya na Tanzania, wafanyabiashara wa Kikongo, na madereva wanaopumzika kati ya safari mbili, na hao hawana lugha nyingine inayowakutanisha. Mimi ni mtoto wa askari, nilikulia kambini Jinja, na Kiswahili changu cha utotoni kilikuwa cha amri na cha kantini. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningekisikia kikieleza tofauti kati ya mpira unaopinda na mpira unaozama.

Wala hadhira ile haikuwa ya watu wageni kabisa kwa besiboli, kama ambavyo mtu wa nje angedhani. Uganda ndiyo iliyokata tiketi ya mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Marekani, mwaka 2011, ikakwama kwa sababu watoto walinyimwa viza, kisha vijana wa Lugazi wakaenda mwaka 2012 na kuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano hayo. Mwaka 2022 Ben Serunkuma na Umar Male walisajiliwa na Los Angeles Dodgers, na baadaye David Matoma akachukuliwa na Pittsburgh Pirates, zote timu za kulipwa za Marekani. Wote watatu walisajiliwa wakiwa warushaji, yaani wale wanaomtupia mpigaji mpira. Nalitaja hilo kwa sababu lilijidhihirisha ukumbini: benchi la mbele, lililokaliwa na vijana wa klabu za vyuo vya hapa, liliutazama kila mchezo kwa jicho la mrushaji, na mpigaji mkubwa alipoingia uwanjani wao hawakushangilia, bali waliinama mbele kama watu wanaosubiri kuona mwenzao atajiokoaje.

Timu iliyochaguliwa ni Georgia, chuo kikuu cha mji wa Athens katika jimbo la jina hilo hilo, na sababu ya kuichagua ilikuwa mtu mmoja. Charlie Condon ana urefu unaokaribia mita mbili. Alijiunga na timu bila ufadhili wa masomo, akakaa nje msimu mzima wa 2022 bila kucheza, kisha mwaka 2023, msimu wake wa kwanza uwanjani, akapiga homurani 25, yaani mipira 25 iliyovuka ukuta ikiwa hewani na kumruhusu azunguke besi zote nne, vituo anavyovikanyaga hadi arudi alipoanzia, bila kusumbuliwa. Haji aliyasikia hayo, akachapisha bango lenye picha ya gongo na maneno MTU WA NGUVU KUTOKA GEORGIA, akalibandika mpaka kwenye kituo cha boda boda. Bango lilifanya kazi yake. Jumamosi ya kwanza palikuwa na watu wapatao thelathini, na hadi Aprili wengine walikuwa wakisimama mlangoni wameshika pazia.

Sasa nifike kwa msimulizi, ambaye peke yake anastahili zaidi ya nusu ya kiingilio. Anaitwa Kecha, kwa kuwa alikuwa mdakaji, catcher kwa Kiingereza, wa timu ya chuo chake kabla goti halijamstaafisha, na mdakaji, kwa wasiojua, ni mchezaji pekee anayeuona uwanja wote kutoka nyuma ya mpigaji, akimwagiza mrushaji aina ya mpira na mahali pa kuuelekeza. Kecha husimama kando ya skrini akiwa na kipaza sauti na daftari la alama, na kabla ya kila mpira hutamka angeagiza nini lau angekuwa yeye. Mara nyingi mrushaji wa Marekani humkubalia. Akikataa na mpira ukapigwa mbali, Kecha hunyamaza kidogo, halafu hulifungua daftari polepole kama karani wa mahakama na kuandika, na ukumbi mzima huvunjika mbavu.

Kiswahili chake cha mchezo amekitengeneza mwenyewe, na ni kizuri kuliko nilichowahi kukisoma popote. Mpigaji anayekataa mipira mibaya na kungoja ulio wake, Kecha husema anapepeta, kama mwanamke mwenye ungo anayetenga chuya na mchele. Mpigaji anayefukuzia kila kitu husemwa anameza na chuya. Mpira uliopigwa ukatoka nje ya mstari ni mpira wa jirani. Mrushaji anapompa mpigaji nafasi ya kutembea hadi besi ya kwanza baada ya mipira minne iliyokosa shabaha, ile ni besi ya bure, lakini mrushaji anapofanya hivyo kwa makusudi kwa kumwogopa mpigaji, Kecha huiita takrima: mgeni ameonekana ni mkubwa, basi apewe kiti akae, asije akavunja vyombo. Ilichukua wiki tatu tu kwa wanawake wawili wa Kikongo wanaouza vitenge, ambao hawakuwahi kuuona mchezo huu maishani, kuanza kupaza sauti kutoka nyuma, “Mpe takrima, mjinga wewe!” kila Condon alipokuja kupiga huku besi zikiwa na watu.

Kwa Condon neno lililotumika zaidi lilikuwa hilo la kupepeta, na hapo ndipo Kecha alipotufundisha kitu ambacho bango la Haji halikukijua. Tulikuja kuona nguvu, yeye akatuonyesha subira. Usiku mmoja alisimamisha rekodi, akatugeuzia ubao mweusi wa kubandikia bei za soda, akaandika tarakimu tatu na kuzieleza moja moja kwa hesabu za sokoni. Nazitoa hapa kama zilivyosimama mwisho wa msimu. Ya kwanza, 0.433, ni wastani wa mapigo: katika kila zamu kumi zinazohesabiwa, Condon alipata pigo halali mara nne na ushei, wakati katika ligi za kulipwa mtu anayepata mara tatu huhesabiwa kuwa mpigaji mzuri. Ya pili, 0.556, ni kiwango cha kufika besi kwa njia yoyote, zikiwemo zile takrima. Maana yake ni kwamba kila alipotoka kwenda kupiga, ilikuwa rahisi zaidi kumkuta besini kuliko kumkuta amerudi kukaa. Ya tatu, 1.009, hugawanya jumla ya besi zote alizozipata kwa mapigo yake kwa idadi ya zamu, na ikivuka moja, kama hii, ni sawa na kusema kila alipoinua gongo alikuwa ameshahesabiwa besi moja na chenji. Dereva mmoja wa lori alisema huyo si mchezaji, ni mkopo wa riba. Kecha alimpa soda.

Homurani zenyewe zilifika 37, nyingi kuliko za mchezaji mwingine yeyote wa daraja la juu la vyuo msimu huo, ingawa Jac Caglianone wa Florida alimfuata kwa karibu akiwa na 35. Hapa palizuka ubishi uliodumu karibu Jumamosi nzima, kwa sababu mwanafunzi mmoja kutoka Nakuru alisoma kwenye simu yake kwamba rekodi ya vyuo si 37 bali 48, iliyowekwa mwaka 1985 na Pete Incaviglia wa Oklahoma State, akadai kwamba bango la Haji ni utapeli. Jibu la Kecha lilikuwa refu na nalifupisha. Incaviglia alicheza michezo 75, wakati msimu mzima wa Georgia ulikuwa na michezo 60. Zaidi ya hapo, vyuo vya Marekani hutumia magongo ya metali, na mwaka 2011 magongo hayo yaliwekewa kiwango kipya kinachoyapunguzia msukumo ili yakaribie yale ya mbao. Tangu kiwango hicho kianze, hakuna aliyefikisha 37 kabla ya Condon. Kijana wa Nakuru hakukubali upesi. Alirudi na hoja kwamba mwaka 2015 mpira wenyewe nao ulibadilishwa, ukashonwa kwa mishono bapa zaidi ili uruke mbali, na Kecha, kwa haki, akakiri kwamba hilo ni kweli na akaliandika katika daftari lake. Mahali ambapo mteja anaweza kumsahihisha msimulizi na msimulizi akaandika, mimi nitarudi.

Hayo ndiyo mazuri. Kasoro kubwa ilianza katikati ya Aprili, nami naieleza kwa kirefu kwa kuwa inagusa jambo lenyewe tulilolipia.

Haji hukaa mlangoni, na kutoka mlangoni aliona kitu: Condon anapopiga, watu hujaa, anapokaa, watu hutoka kununua rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, au kuvuta hewa. Akahitimisha, kama ambavyo mfanyabiashara yeyote angehitimisha, kwamba watu wanamlipia Condon na si besiboli. Basi akamwajiri kijana wa kompyuta awe anazikata rekodi kabla ya Jumamosi, azibakishe zamu za Condon tu pamoja na mbio, yaani pointi, zilizopatikana moja kwa moja kwa mapigo yake. Mchezo wa karibu saa tatu ukawa wa dakika arobaini. Muda uliobaki ukajazwa na mkusanyiko wa homurani zake za nyuma, zikifuatana moja baada ya nyingine, ting, ting, ting, kama mtu anayejaribu kengele za baiskeli dukani.

Usiku wa kwanza nilifurahi, sitadanganya. Usiku wa pili nilianza kuchoka bila kujua kwa nini, na usiku wa tatu nikajua. Condon alipewa takrima, akatembea hadi besi ya kwanza, akasimama pale akijipangusa mikono, na papo hapo picha ikakatika. Tukamwona tena amerudi kwenye sahani ya kupigia, iningi tatu mbele, yaani vipindi vitatu kati ya tisa vya mchezo, na ubao wa alama uliokuwa mbio mbili kwa moja sasa unasoma saba kwa nne. Nani alizipata hizo mbio nane? Yule mtu wa besi ya kwanza alifika nyumbani, kwenye sahani ya kupigia, au aliachwa palepale? Waliompa takrima walilipia kosa lao, au walipata auti mbili, yaani wachezaji wawili kuondolewa, kwa mpigo mmoja wakacheka? Mchezo huu una maswali hayo tu. Mpigaji wa nguvu huogopwa, anayeogopwa hupewa besi ya bure, na besi ya bure haina thamani ya ndururu mpaka anayemfuata apige. Georgia ilishinda michezo 43 msimu huo ikapoteza 17, na haikushinda hiyo 43 kwa mtu mmoja. Kina Corey Collins, Slate Alford na Kolby Branch walikuwepo kuhakikisha kwamba kumkimbia Condon ni kukimbia mvua na kuingia mtoni. Mkanda wa Haji uliwafuta wote. Ulitubakishia mtu mrefu anayepiga mpira mahali pasipo na timu.

Kecha alipigania mchezo wake kwa njia niliyoiona ya kiungwana mno. Hakumtukana Haji mbele ya wateja. Alikuwa akiutazama mchezo mzima nyumbani katikati ya wiki, anauandika katika daftari, na Jumamosi picha inapokatika yeye hujaza pengo kwa mdomo: nani alifuata, akapepeta mipira mingapi, akapiga wapi, nani akakimbia. Alizungumza haraka, kijasho kikimtoka, akijaribu kupitisha iningi mbili kabla Condon hajainua gongo tena. Jumamosi mbili hivi masimulizi yake ya vipande visivyoonekana yalikuwa matamu kuliko vilivyoonekana. Lakini ukumbi wa video ambao sehemu bora ya onyesho ni ile isiyoonyeshwa una tatizo, na tatizo hilo haliwezi kutatuliwa na msimulizi.

Nilimfuata Haji baada ya onyesho, tukakaa kwenye ngazi. Nilimwambia kwa adabu kwamba alichoahidi ni mchezo kamili. Akanijibu, “Ndugu yangu, wewe ni mtu wa daftari. Hawa wengine wanalipa kuona mpira ukivuka ukuta.” Nikamfanyia hesabu: homurani moja, tangu mpira utoke mkononi mwa mrushaji hadi mpigaji akanyage nyumbani, haifiki dakika moja, kwa hiyo zote 37 ni mkanda wa chini ya dakika arobaini, ambao mtu anaweza kuutazama kwenye simu yake kitandani bila kumlipa Haji hata shilingi. Michezo 60 ni karibu saa 180. Kama biashara yake ni ile dakika arobaini, imeshakwisha. Alicheka, akasema atafikiri, akaniuliza kama nimelipia chai. Naongeza, ili nimtendee haki, kwamba saa nne usiku ukumbi ulikuwa lazima ugeuzwe uwe wa mpira wa miguu, na mashabiki wa Arsenal hawana subira na mtu anayepepeta.

Mabadiliko yalikuja yenyewe mwezi Juni, kwa sababu mechi za mtoano haziwezi kukatwa na mtu ambaye bado hajui zitaishaje. Mfumo wao ni huu: timu 64 hugawanywa katika vituo 16, mshindi wa kila kituo hukutana na mshindi mwingine katika michezo mitatu ambayo anayeshinda miwili hupita, na nane zinazobaki husafiri hadi Omaha, Nebraska, ambako fainali za vyuo zimekuwa zikichezwa tangu 1950. Georgia ilikuwa imetwaa ubingwa mara moja tu, mwaka 1990, na mara ya mwisho kufika Omaha ilikuwa 2008, iliposhindwa na Fresno State katika fainali. Ilivuka kituo chake, ikapangiwa North Carolina State, nyumbani kwake Athens. Haji aliamua kuonyesha moja kwa moja. Athens iko nyuma yetu kwa saa saba wakati huo wa mwaka, kwa hiyo mchezo unaoanza huko saa moja jioni hutufikia saa nane usiku, na anayepanga kwenda kwa maonyesho ya moja kwa moja auweke moyoni ukweli huo, pamoja na nauli ya boda boda ya kurudia.

Mchezo wa kwanza Georgia ilifungwa 18 kwa 1. Nimeuona ukumbi ule ukiwa na kelele za kila aina, lakini kimya cha usiku ule sikuwahi kukisikia. Warushaji wa Georgia walipigwa, wakabadilishwa, wakapigwa tena, na kila tulipomtafuta Condon tulimkuta amesimama uwanjani na glavu, akiitazama mipira ya wenzake ikipita juu. Kecha hakutoa mzaha hata mmoja. Alisema sentensi ambayo nadhani ilimfikia Haji kule mlangoni: kwamba Condon anaweza kuleta mbio nne kwa pigo moja ikiwa besi zimejaa, lakini hawezi kuzuia hata mbio moja kwa gongo. Mzee mmoja tunayemwita Afande, ambaye kwa miezi minne hakuwahi kufungua kinywa isipokuwa kuagiza chai, akasema taratibu, “Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kikiwa kirefu namna hiyo.” Siku ya pili Georgia ilijibu kwa ushindi wa 11 kwa 2, ambao sisi tuliuona nusu tu kwa sababu umeme ulikatika na jenereta ikagoma hadi fundi alipoamshwa. Ya tatu iliisha 8 kwa 5, North Carolina State wakaenda Omaha, na ubingwa wenyewe baadaye ukachukuliwa na Tennessee.

Michezo hiyo mitatu, iliyoonyeshwa bila mkasi, ndiyo iliyokuwa huduma bora ya msimu wote, na miwili kati yake timu yetu ilishindwa. Wale wauza vitenge walibaki hadi mwisho kila usiku. Hakuna aliyetoka kununua rolex wakati wengine wakipiga, kwa kuwa wakati huo kila mmoja wetu alikuwa anajua kwamba mpigaji wa saba akifika besi, zamu ya mtu wa nguvu inasogea karibu.

Mengine niyapitie upesi. Rolex ya mayai mawili ni shilingi 2,500, inapikwa nje mbele ya macho yako, kitunguu hakiungui, na chapati yake ni laini. Chai ya maziwa ina tangawizi ya kutosha na sukari ya kupita kiasi. Mabenchi hayana egemeo, jambo linalovumilika kwa filamu ya saa moja na nusu lakini si kwa iningi tisa. Nashauri mwenye mgongo kama wangu aje mapema akae ukutani. Spika ya kushoto imepasuka na kila Kecha anapopandisha sauti hukoroma. Choo ni kimoja, kiko nyuma, na kinahitaji tochi. Wanawake na vijana wadogo niliwaona wakiingia na kutoka bila kusumbuliwa, na kwa ukumbi wa usiku Kabalagala ikiwa jirani, hilo si dogo.

Lililobaki ni swali la msimu ujao. Condon hatakuwapo. Alipewa tuzo ya Golden Spikes, ambayo hupewa mchezaji bora wa besiboli wa ngazi isiyo ya kulipwa nchini Marekani, na mwezi Julai Colorado Rockies, timu ya kulipwa, wakamchagua wa tatu kati ya vijana wote wa mwaka huo. Haji ana wasiwasi kuhusu bango. Kecha hana wasiwasi wowote. Anataka Georgia ile ile, aone kocha Wes Johnson, ambaye 2024 ulikuwa msimu wake wa kwanza chuoni hapo, ataijengaje timu iliyoondokewa na nguzo. Niliposikia hivyo nilirudi kwenye ngazi kuzungumza na Haji mara ya pili, na safari hii alikuwa ameshaamua. Homurani zilizokatwa zitaonyeshwa saa kumi na mbili jioni, bila kiingilio, kuwavuta watu wa kituo cha boda boda. Mchezo kamili utaanza saa moja kamili na mkasi hautaugusa. Mpira wa miguu utasogezwa hadi chumba cha pili, ambacho sasa hivi bado kina magunia ya saruji. Kiingilio kitapanda hadi shilingi 4,000. Nimeshaweka amana ya viti viwili, ukutani, upande wa spika nzima.